Sahani Iliyorudi Tupu

Gari ilipoondoka Konde kwenda Wete, Bi Mwatima aliyekaa mbele yangu alianza kumsifu binti yake kwa jirani yake wa kiti. Alisifu kwa sauti, ili na sisi wengine tusinyimwe.

“Asya wangu anasomea uuguzi Uswidi, peke yake, na anafaulu. Juzi alimpelekea jirani mkate wa kumimina, wazoeane. Sahani ikarudi tupu! Imeoshwa inang’aa, haina hata tende moja. Mtoto kalia kwenye simu. Nimemwambia asigonge tena mlango ule. Wangu haombi urafiki.”

Jirani yake, mwalimu kutoka bara mwenye msalaba mdogo shingoni, alicheka hadi akafuta macho.

“Bi mkubwa, mimi mwaka wangu wa kwanza Konde, jirani yangu Bi Rahma aliniletea futari Ramadhani nzima. Sahani zote nilimrudishia tupu. Nilizisugua kweli, najiona nina adabu!”

“Astaghfirullah! Asikwambie?”

“Hakusema neno. Alileta tu, mpaka nilipoona jirani mwingine anarudisha sahani na ndizi juu yake. Leo Bi Rahma ndiye rafiki yangu.”

Nikajikuta nimekaa wima, kana kwamba futari ile niliipika mimi. Mungu anisamehe.

“Ramadhani nzima?” Bi Mwatima aliuliza.

“Siku ishirini na tisa.”

Gari iliposimama Wete, Bi Mwatima alishuka, simu sikioni.

“Asya, huyo Rahma hakushindi wewe. Sahani iko wapi?”