Ramani ya Vibanda, Saa Kumi Kamili

Kijiwe cha kina Shimba pale Kiseke ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya mawe mawili. Shimba, mponda kokoto mwenye kifua kama mlango wa stoo, anakalia ncha ya kulia tangu enzi zile ziwa lenyewe lilipokuwa dimbwi la bata. Siku hiyo alikuwa na kesi. Kiwanja cha nyuma yao, chenye majabali, kilikuwa kinatakiwa na mtu wa kuosha magari. Kwenye mkutano wa mtaa Shimba akapiga kifua: “Pale ni pa watoto kujijengea vibanda vyao! Ramani naleta mimi!” Mtendaji akamjibu sawa, nakuja kuona saa kumi, nisipokuta kitu nampa mwosha magari. Sasa ilikuwa saa tisa na nusu, na penseli Shimba hajawahi kuishika, labda ile ya fundi, ya kuchomeka sikioni.

— Chora, Injinia, mimi naongea, akasema Shimba. Nilipokuwa na miaka saba nilijenga kibanda juu ya jabali, ghorofa tatu. Fisi akaja kuomba chumba.

— Ukampa? akauliza Farouk, muuza kahawa.

— Cha chini. Juu alikuwa anakaa mjomba.

Injinia, aliyepata jina hilo kwa kubeba zege siku mbili kwenye ujenzi wa daraja, alikalia ncha ya kushoto. Akainama, akachora mchangani kwa kijiti.

— Kwanza ukuta, futi kumi, akasema. Geti la chuma.

— Watoto wataingiaje? akauliza Farouk.

— Kwa kitambulisho. Na chini zege tupu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Si zege ndilo litawavunja hilo guu!

— Basi juu ya zege tunatandika magodoro. Unabisha nini, bhana?

Farouk akamimina kahawa, naye akapandwa na utaalamu.

— Mimi naona tuwajengee kabisa. Tofali za kuchoma, bati za rangi. Samaki mkunje angali mbichi, nondo tuzikunje leo leo.

— Bati ni ushamba, akasema Shimba. Mimi nataka lifti. Mtoto akifika juu ya jabali anaiona Nansio yote, kule kisiwani.

— Nansio huioni hapa hata upande mnara, Shimba.

— Wewe ndiye huoni. Mimi juzi nimemwona mama mmoja kule anasonga ugali. Ulikuwa na mabonge, gete, kweli tupu!

— Na ulinzi? akauliza Injinia.

— Mbwa wawili na kamati. Mwenyekiti mimi. Weka ofisi yangu hapo katikati.

Injinia akachora ofisi, kisha akakuna kichwa.

— Mchanga umejaa. Watoto niwaweke wapi?

— Wabane pale kwa mbwa.

Hapo akatokea Nusrat, binti wa mtaani wa miaka minane, magoti meupe kwa vumbi, mkononi jiwe la kugongea misumari.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Njoo uone lifti yako!

— Sisi tumeshajenga, baba.

Wakageuka. Katikati ya majabali waliyoyapa mgongo tangu asubuhi palikuwa na vibanda vinne: nyavu kuukuu, viroba vya dagaa, maboksi, khanga iliyochanika ikipepea juu kama bendera.

— Bado daraja tu, la kutoka jiwe hili mpaka lile. Huo ubao, mtamaliza saa ngapi kuukalia?

Injinia akamtazama Farouk. Farouk akalipindua birika, likatoa tone moja. Kwenye kona pikipiki ya mtendaji ikaanza kunguruma.

Shimba akasimama. Ncha yake ikaruka juu, na Injinia akatua na makalio yake yote ndani ya ofisi ya mwenyekiti.

— Shika kule, mama, akasema Shimba. Taratibu. Huu ubao niliupasua mwenyewe, kwa meno.