Pole ya Meli

Treni ya kutoka Kista, kitongoji cha Stockholm, ilijaa. Domina, mtunza wazee kutoka Bukoba, alikuwa akisinzia aliposikia Kiswahili nyuma yake. Mwanamke na mwanamume walibishana kuhusu filamu ya runinga ya juzi.

"Mualbania akionyeshwa, ama ananing'inia kwenye meli ya wakimbizi, ama ni jambazi," mwanamke alilalamika. "Hakuna aliyepanda ndege na sanduku lake?"

"Dada, wa meli walikuwepo. Tuwafute?"

"Siwafuti. Ila jirani yangu Mirela, Mualbania, alikuja kwa ndege, kuolewa. Sasa kazini kwake kuna mama mmoja Mtanzania. Baada ya ile filamu, kamfunga Mirela kanga mabegani mbele ya wazee wanaowatunza, kampa pole ya meli, kisha kaangua kilio! Mirela hakujua auweke wapi uso."

"Lakini alimhurumia tu."

"Huruma ya runinga! Yeye akiulizwa alikuja na mtumbwi gani, si atanuna wiki nzima?"

Domina aliwahi kuulizwa, na alinuna mwezi. Kipande cha pili cha doti ile ya kanga alikuwa amekizungusha shingoni kuzuia baridi. Alikisukumia ndani ya koti taratibu, kama mwizi.

Simu ikalia. Alikuwa Tiana, bintiye, anayegombezwa kila siku aache Kiswidi akiongea na mama yake.

"Shikamoo, mama," Tiana alisema, kwa mara ya kwanza bila kukumbushwa, sauti yake ikisikika hadi viti vya nyuma.

Kule nyuma wabishi wakanyoosha shingo kumtazama. Treni ikasimama kituo cha Husby, na Domina akamjibu mwanawe kwa Kiswidi.