Dkt. Aneth Nyagawa, Aliyetufundisha Kukata Simu

Jamani, tumeduwaa. Juzi tu tulikuwa tunamsubiri Aneth aje tule naye sikukuu, leo tunamsomea wasifu. Hivi kweli?

Marehemu alizaliwa hapa Mdandu tarehe 14 Machi 1983, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Benno na mama Zipora. Alisoma shule ya msingi kijijini, sekondari Njombe mjini, kisha chuo kikuu Dar es Salaam. Mwaka 2014 alipata shahada ya uzamivu huko Ulaya.

Alikuwa mtafiti wa usalama wa mitandao ya kompyuta. Alitunga programu za kupekua taarifa zinazopita mtandaoni na kunasa alama za wezi. Mama alipouliza hiyo ni kazi gani, alimjibu, "Mama, si unachambua maharage? Jiwe unalijua kwa sura. Nami ndiyo kazi yangu hiyo."

"Yaani umeenda mpaka Ulaya kuchambua maharage!" Mama alicheka mpaka machozi.

Mwaka 2012 alifunga ndoa na Haruni Mligo, mjini Makambako, wakajaliwa Gideoni na Jackline. Kila likizo alikuja kutunoa: akikupigia usiyemjua, akakwambia ndugu yako yuko hospitali, huyo tapeli, kata simu. Mama alishika somo kuliko sisi wote.

Presha ilimwanza mwaka jana, lakini dawa alikuwa akimeza, wala hatukuwa na wasiwasi. Ijumaa ya Nane Nane, 2025, akiwa njiani kuja nyumbani, alianguka stendi ya Makambako. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Hospitalini alitaja namba ya mama, muuguzi Esnath akapiga kwa simu yake mwenyewe.

"Mama, njoo haraka, mwanao mgonjwa, anakuita."

"Tapeli mkubwa wewe! Mwanangu alishanifundisha!"

Mama akakata. Akapigiwa tena, akakata tena. Mpaka hospitali ilipompata mchungaji wetu kwa simu, akamfuata mama nyumbani, wakafika Makambako, kiharusi kilikuwa kimeshamchukua Aneth.

Tangu siku hiyo mama hali chakula, na akisema ni hilo hilo: "Nimemkatia mwanangu." Mama, sikiliza. Esnath yuko hapa msibani, naye ameomba hili lisomwe. Sauti yako ilisikika mle wodini. Aneth alitabasamu, akasema, "Huyo ndiye mama yangu. Msimlaumu, kanisikiliza."

Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili, na mdogo wake Rabson, anayewasomea maneno haya.

Aneth, ulimwita mama. Amefika, huyu hapa. Pumzika sasa, dada.