Udongo wa Bure

Asubuhi ile hapakuwa na utani hapa kijiweni Aiwo, kisiwani kwetu. Benchi letu liko mbele ya duka la Mchina, linatazamana na ile mikono ya chuma iliyokuwa ikipakia fosfeti, ule udongo wetu wa mbolea, melini, siku hizi kutu tupu. Juzi meli imeshusha udongo kutoka ng'ambo, wa kugawiwa kila ukoo wenye kiwanja kule juu, katikati ya kisiwa. Bure! Dada Eidinga akauomba. Bahari imeanza kumwingilia jikoni, anataka kuhamia juu ajenge, apande mishelisheli. Lakini kwetu ardhi ni ya ukoo. Mimi, Jaji na Ndege, binamu zake, tuna mafungu yetu humo humo, na mmoja tu akikataa, hakimwagwi kitu. Jaji mwenyewe hajawahi kuhukumu hata paka. Ndege tunamwita hivyo kwa sababu anafuga ndege wa baharini na anawasikiliza kuliko anavyomsikiliza mkewe.

EIDINGA: Semeni ndiyo basi, lori liko njiani.

JAJI: Taratibu, dada. Nani anagawa udongo bure? Wetu waliubeba hao hao wa ng'ambo, wakaenda kunenepeshea ngano zao. Leo wameota huruma?

NDEGE: Wametia kitu mle.

MIMI: Kitu gani?

NDEGE: Mbegu. Magugu yakishaota, wanakuja kutuuzia dawa yake.

JAJI: Wewe unawaza mboga, waza sheria! Udongo wao ukilala hapa, hapa ni kwao. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Sisi miti hatuna, kwa hiyo wajenzi wanakuja!

EIDINGA: Maana yake si hiyo, Jaji.

JAJI: Mahakamani ndiyo hiyo.

NDEGE: Na uzito je? Kisiwa kimeshazoea wepesi. Haba na haba hujaza kibaba. Watatujaza, tutajaa, tutazama!

MIMI: Mchina kakutilia nini kwenye kahawa?

EIDINGA: Nizame mara ngapi, Ndege? Jana nimepika wali nimesimama majini. Samaki kanipita miguuni! Udongo mnauogopa, bahari hamuiogopi? Mlipokula hela za fosfeti, mkapanda ndege hadi Melbourne kununua viatu, mbona hamkuuliza mtego uko wapi?

Niliona haya, nasema kweli.

MIMI: Mimi nimekubali.

NDEGE: Haya, na mimi. Ila magugu yakiota msiniite kupalilia.

JAJI: Nakubali shingo upande. Iandikwe kwamba nilionya.

EIDINGA: Hakuna anayeandika, baba. Asanteni, jamani! Asanteni!

Alicheka huku anafuta machozi kwa kanga, mkono wa pili hajui auweke wapi. Lori likaingia, limejaa udongo mweusi. Dereva ni Tebuka, mtu wa visiwa vya Kiribati, hata mwezi hajamaliza hapa.

TEBUKA: Shikamooni, wazee. Nasikia mmekubaliana. Nikaumwage wapi?

JAJI: Kiwanjani kwetu.

TEBUKA: Sawa, kiko wapi?

JAJI: Si kinaanzia kwenye mtondoo wa bibi, kinashuka mpaka kwenye mkadi uliopinda. Kila mtu anajua.

TEBUKA: Mzee, nimetoka huko juu sasa hivi. Hakuna mti hata mmoja.

Ndege akatazama kikombe chake. Mtondoo uling'olewa, mkadi ukang'olewa, na udongo wake ukaondoka na meli kabla hatujazaliwa. Kule imebaki miamba iliyochongoka, huu kama ule. Mafungu tumerithi, misibani tumeyagombania mpaka watu wakanuniana, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga huko.

Eidinga akanigeukia.

— Kaka, wewe ndiye mkubwa wetu. Mwonyeshe.

Nikainua mkono kuelekea juu. Sikujua niuelekeze wapi, nikaushusha. Tebuka akazima injini, akasubiri.