Mkanda wa Saa ya Marehemu

Kwenye treni ya asubuhi, mama aliyeketi mbele yangu alikuwa akimwonyesha jirani yake saa ya dhahabu aliyoivaa mkononi. Jirani alikuwa fundi bomba, na begi lake la spana lilikuwa limekalia nusu ya kiti changu.

"Ya marehemu mume wangu. Niliwapelekea mafundi saa waisafishe tu. Wamekaa nayo miezi miwili, wameirudisha na mkanda mpya. Ule wa zamani wametupa. Eti wamenipa zawadi."

"Lakini mama, hata mimi nikibadilisha bomba, la zamani natupa."

Alivyotazamwa, nikajikunyata mimi.

"Alipougua alikonda, mwanangu. Kila mkono ukipungua, anatoboa tundu jingine kwenye mkanda kwa msumari. Matundu manne. Fundi saa mzima, ana cheti ukutani, anayaona yale anaita takataka, hata kuniuliza hakuna?"

Fundi bomba akakuna kichwa. "Lakini inakwenda?"

"Inakwenda. Ndivyo wanavyonijibu kila nikipiga simu."

Treni ikaanza kusimama. Mama aliinuka, akanyoosha mkono kushika chuma cha juu, na saa ikamteleza hadi kwenye kiwiko. Mkanda mpya haukuwa na tundu la kumtosha.