Dola Hamsini za Shangazi Falis

Benchi letu la Hockley, mtaa wa masonara huku ughaibuni, ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya kreti mbili, nje ya karakana ya Mzee Kishore, sonara. Saa ya lunch hukaa hapo Msasa, ambaye kwenye pasipoti ni Jairus na kazi yake ni kung'arisha pete ndani ya karakana hiyo; Profesa, yaani Dalmar wa bohari, ambaye akisoma nusu ukurasa hufundisha kitabu kizima; na Teksi, ndiye Khalif, dereva wa Prius inayokohoa. Mimi nashika flaski ya kahawa ya tangawizi, na nashukuru, maana mshika flaski hasukumwi nje ya benchi. Alhamisi moja ya Machi 2018 Teksi alikuja amenuna. Binti yake Ifrah alikuwa anaolewa Jumamosi, na Shangazi Falis wa Minneapolis alikuwa amempa msafiri zawadi amletee: sarafu moja ya njano ndani ya soksi ya mtoto.

Teksi: Soma hapo chini.

Msasa: Fifty dollars.

Teksi: Fifty. Mama alipofariki, huyu ndiye alikuja Wajir akanichukua, niko class six. Akanilea Eastleigh kama wake. Leo naoza binti, ananitumia pesa ya petroli. Wiki mbili nashindwa hata kumpigia niseme asante.

Profesa: Usilie. Haba na haba hujaza kibaba.

Msasa: Kibaba gani na ni moja? Leta nishike. Buda, hii ni gold. Hiyo hamsini imeandikwa tu juu. Ukiiuza unapata zaidi ya mara ishirini.

Teksi aliitazama tena, na uso ukaanza kumshuka.

Profesa: Kama ni gold, ifiche. Marekani walikataza raia kuweka dhahabu, thirty-three. Shangazi anafanya magendo.

Msasa: Si walifungua tena seventy-four?

Profesa: Walifungua mlango wa mbele. Soma hizi herufi: MCMLXXXVI. Ni namba ya sanduku la siri. M ya kwanza ni Minneapolis.

Msasa: Na hawa tai?

Profesa: Huyo anayeruka ameshika fimbo. Anarudi nyumbani kuchapa watoto.

Msasa: Watoto wenyewe wako kwa kiota, hata macho hawajafungua. Wamekosa nini?

Profesa: Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Teksi: Jamani, sitaki sanduku. Msasa, itoboe tundu hapo juu, Ifrah avae shingoni Saturday. Mama yangu alivaa hivyo.

Msasa alikuwa ameshainuka kufuata drili wakati Mzee Kishore alipotoka kumwita kazini. Ni mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake kinatushinda sote.

Kishore: Nani anatoboa nini? Hebu. Aa, hapana, Jairus. Ukiitoboa umeiharibu. Nitaizungushia fremu ya kuning'inia, na sitaki malipo. Ni harusi.

Teksi: Mungu akuweke, Mzee.

Kishore: Hii ni karati ishirini na mbili, wameichanganya na fedha na shaba iwe ngumu. Marekani walikaa nusu karne bila kugonga sarafu ya dhahabu. Themanini na nne wakatoa ya ukumbusho wa Olimpiki. Halafu ndiyo wakaanza hizi za watu kuweka akiba. Yako ni ya mwaka wa kwanza kabisa. Si umeandikwa hapa, kama namba za saa ya ukutani? Elfu moja mia tisa themanini na sita.

Profesa alikohoa, akaomba kahawa.

Kishore: Na huyu tai hachapi mtu. Analeta tawi kiotani, mwenzake amekaa na watoto. Lakini niambieni kitu kimoja. Wamezigonga kila mwaka tangu hapo. Mbona shangazi akatafuta ya mwaka ule wa kwanza?

Teksi aliichukua sarafu, akazipitia tena zile herufi moja moja. Kisha akatoa simu. Minneapolis ilikuwa asubuhi.

Alianza kwa Kisomali, akahamia Kiswahili, ile lugha waliyokuwa wakiitumia wakigombana Eastleigh.

Teksi: Shangazi, ni mimi. Ni Khalif. Yule uliyemchukua Wajir themanini na sita.

Kwenye flaski kilikuwa kimebaki kikombe kimoja. Nilimmiminia yeye, na siku hiyo hakuna aliyekigombania.