Kashata Nyuma ya Tangi

ROSELINE: Haloo? Nani huyo? Ongea kwa nguvu, hapa kiwandani mashine zapiga kelele!

KALAMA: Mama Vivian, hujambo? Ni mwalimu Kalama, wa huku Mjambere. Kwanza nisikize: mtoto yuko salama.

ROSELINE: Salama? Kwani alikuwa— Mwalimu, Vivian amefanya nini?

KALAMA: Hakufanya kitu. Nimefanya mimi. Tuko hospitali, lakini apumua vizuri, tena anicheka.

ROSELINE: Hospitali! Ni njugu? Amekula njugu?

KALAMA: Hakula. Nimekula mimi.

ROSELINE: Wewe ule njugu, mtoto wangu ndiye alazwe?

KALAMA: Ndio hapo, mama. Wajua mwalimu wa afya ni mimi. Orodha ya watoto wasiopatana na vyakula fulani nimeiandika mimi, wino mwekundu. Karanga nimezitoa jikoni. Mama wa kashata za njugu nimemfukuza langoni—

ROSELINE: Mwalimu, fanya haraka!

KALAMA: —kisha nikamfuata huko nje, nikanunua mbili. Nikazila nyuma ya tangi la maji kama mwizi. Mfereji uko pale pale, na sikunawa. Nikapangusa mikono kwa leso.

ROSELINE: Na hiyo diploma yako ya afya?

KALAMA: Iko ukutani, mama. Haikuniona. Nikaingia darasani, Vivian akanipa shikamoo. Akanibusu mkono.

ROSELINE: Kubusu mkono? Sisi kwetu Siaya hatubusu mtu mkono. Nani alimfunza?

KALAMA: Mimi. Darasa zima. Nilitaka nami nionekane mzee wa heshima. Nyumbani hata paka hanisalimu.

ROSELINE: Haloo? Wakatika—

KALAMA: Nasema midomo ikafura! Vipele shingoni, akaanza kukohoa. Nikatoa ile sindano yake ya dharura uliyotuachia ofisini, nikamchoma pajani, juu ya sare, kama ulivyotuonyesha.

ROSELINE: Ukaishikilia? Hukuitoa haraka?

KALAMA: Nilihesabu mpaka kumi. Nafikiri saba nimeitaja mara mbili. Mwanao ndiye aliyenituliza: “Mwalimu, usilie.”

ROSELINE: Ulikuwa walia?

KALAMA: Jasho, mama. Lilipitia machoni.

ROSELINE: Muuguzi amesema nini?

KALAMA: Wamweka hapa mpaka jioni wamwangalie, kufura kwaweza kurudi. Mimi nimekaripiwa. Ati leso haitoi njugu, ni sabuni na maji.

ROSELINE: Mwekee simu karibu na mdomo.

KALAMA: Aongee?

ROSELINE: Asiongee. Apumue tu.

[pumzi za mtoto kwenye simu]

ROSELINE: ...Sawa. Hakoromi. Sawa.

KALAMA: Mama, hiyo orodha ya watoto nampa mwalimu mwenzangu, Bi Dorcas, kesho. Mwalimu mkuu nitamweleza mwenyewe, kashata na yote. Na ukitaka kumhamisha mtoto, sitakulaumu.

ROSELINE: Huyo Dorcas amewahi kumuona mtoto akifura?

KALAMA: Bado.

ROSELINE: Basi kaa nayo wewe. Wewe sasa unaogopa kama mimi.

KALAMA: Mama Vivian, mimi—

ROSELINE: Naomba ruhusa hapa, naja. Kutoka Changamwe si karibu. Mshike mkono mpaka nifike.

KALAMA: Kwa mkono huu?

ROSELINE: Umenawa?

KALAMA: Mara nne. Sabuni ya hospitali imeisha, nimeambiwa nikanunue nyingine.

ROSELINE: Basi mshi—

KALAMA: Haloo? Mama? ...Lo, salio! Lete mkono, mwanangu.